Pumzi Nilizozifuta

Jumatatu, 4 Machi
Daftari langu, hujambo? Umeshindaje humo kwenye droo? Mimi mzima, namshukuru Mungu, na leo nina la kukusimulia. Studio yetu ya kurekodi vitabu vya wasioona imepewa zawadi! Kisanduku cha chuma, kizito kama tofali, kinakaa mezani. Kila kitu kimo humohumo: cha kusoma faili, cha kukuza sauti, hata ndoano ya kutundikia hedifoni zake. Yale matumbo ya nyaya miguuni basi tena. Fundi wetu, tunamwita Waya, kakifuta kwa shati lake mwenyewe. Ati nikikigusa kwa mikono ya mafuta atanishtaki! Nikamwambia akanawe kwanza yeye.

Jumanne, 5 Machi
Jamani! Nimesikiliza. Msomaji wetu ni shemeji, mume wa dada yangu — anatusomea mwaka wa kumi na moja huu. Nilidhani naijua sauti yake. Wapi! Leo nimesikia midomo ikiachana kabla ya neno. Nimesikia ukurasa ukigeuzwa, kushoto kidogo, hatua mbili mbele yangu. Nikageuka kumtafuta. Waya alicheka mpaka akashika ukuta.
Sauti nzito, laini, isiyo na haraka. Asifiwe Mungu aliyeumba koo — na waliounda kisanduku nao awabariki.

Alhamisi, 7 Machi
Kazi yangu ni kusafisha. Shemeji akivuta pumzi katikati ya sentensi, naikata, yabaki maneno. Kwenye hedifoni za zamani pumzi ilikuwa mchakacho tu. Nakata, napita.
Leo nimeisikia. Ina filimbi ndani. Na chini yake kama maji yanayotokota chumba cha pili. Nikafungua faili ghafi, zisizosafishwa, za mwaka jana: pumzi safi. Za Desemba: filimbi ndogo. Za wiki hii: kila maneno matano, anavuta.
Na mimi nimekuwa nikizifuta! Dada yuko mbali kikazi, namtumia kila sura iliyosafishwa. Kila mara hunipigia kwa furaha: mume wangu hajambo, nimemsikia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemuuliza, shemeji, kifua vipi? Akasema ni vumbi la humu ndani, nisimtafutie ugonjwa, zimebaki sura nne.
"Ukimwambia dada yako atafunga mizigo leoleo. Niache nimalize, shem."
Ngazi za kupandia studio ni kumi na mbili tu. Alisimama mara mbili, akajifanya anasoma simu.
Nimeomba.

Jumatatu, 11 Machi
Leo sikubishana naye. Nimezitoa pumzi zote za sura moja, nikaziunga mfululizo, bila neno hata moja. Dakika tatu. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamvalisha hedifoni.
Mwanzo alitabasamu. "Lo, shem! Chombo hiki! Kama niko ndani ya kifua cha mtu!"
Kisha akauliza kwa kelele, kama wafanyavyo wenye hedifoni, huyu mgonjwa ni nani?
Waya akainama kukaza skrubu iliyokwishakazwa.
Sasa shemeji ameweka mkono kifuani. Ameinua kidole kimoja — kwetu studio maana yake rudia. Nimerudisha mwanzo. Naandika pembeni ya meza. Simu yangu inaita. Dada. Jina limeandikwa wazi, naye shemeji analiona.
Ee Mola, nipokee mimi au nimwachie yeye? Nijibu upesi.