Salamu Iliyokatwa Katikati

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani na daftari juu ya magoti, kama zamani nilipokuwa bwenini nikikuomba sabuni. Leo siombi sabuni. Afya yangu ni njema, lile jino lililokuwa likinisumbua limeng'olewa, na kazi ipo. Nataka kujua hali yako: mgongo unaendeleaje, na dawa ya presha unakunywa kila siku au unakunywa siku unayokumbuka? Filbert anasema mvua zimewahi huko Rulenge na maharage yamechipua vizuri. Nimefurahi. Na wewe mwenyewe je? Hilo mdogo wangu hanijibu sawasawa.

Simu zangu hupokei, wiki ya tatu sasa. Najua unaiona ikiita, maana siku ya Jumanne mjukuu wako aliipokea akaniambia, "Bibi amesema hayupo," na nyuma yake nikakusikia kabisa ukimfokea. Nilicheka, Mama, halafu nikalia. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua utaisoma utakapotaka, na hata ukiitupa juu ya kabati najua siku moja utaivalia miwani.

Kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu miaka yote hii nakuambia tu "nafanya filamu" nawe unawaambia watu kwamba naigiza. Siigizi. Mimi ni mhariri. Wenzangu wanapiga picha na kurekodi sauti, wananiletea, nami nakata na kuunga. Mwongozaji wetu anaitwa Kasimu, kijana mpole aliyesoma chuo kikuu, na ana neno moja analolipenda kuliko chakula: usasaleo. Kwa maelezo yake, zamani msanii alitunga kitu kizima chenye mwanzo na mwisho, akakuambia huu ndio ukweli. Siku hizi, anasema, hakuna anayeamini kitu kizima. Kwa hiyo unachukua kipande cha kwaya, kipande cha tangazo la redio, mlio wa mashine ya kusaga, unaviweka pamoja vigombane. Filamu inaanzia katikati. Mwigizaji anakufa, kisha anainuka, anamgeukia mtazamaji na kumwuliza kama bado anaamini. Mwisho hakuna. Taa zinawaka, watu wanatazamana.

Siku aliponieleza hayo nilimwambia mbona sisi Ngara tulikuwa nayo tangu niko darasa la nne. Unamkumbuka yule bwana wa kibanda cha video pale Bugarama, aliyekuwa akitafsiri filamu za Kichina kwa kipaza sauti? Jambazi anaruka juu ya mapaa huko China, yeye anatangaza, "Sasa huyu anawahi mnadani kuuza ng'ombe wa mwenyekiti!" na kibanda kizima kinaanguka kwa kicheko. Picha ya China, maneno ya Bugarama, na sote tulijua kwamba anatudanganya. Kasimu alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo aliniamini, akanikabidhi sauti zote za filamu yetu mpya.

Hapo ndipo nilipokukosea.

Unakumbuka ubatizo wa mtoto wa Filbert, Mama mdogo Verediana alipokuja kutoka Bisibo. Mlikuwa hamjaonana tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Ulimwona anashuka kwenye pikipiki, ukaacha sufuria jikoni, mkashikana mikono hadi viwikoni, ukaanza ile salamu ya kuimba ya wanawake wa kwetu. Wewe juu, ukiuliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za waliotangulia mbele za haki. Yeye chini, akiitikia "ee, ee" na kupenyeza maneno yake humo humo, sauti mbili kwa wakati mmoja, hakuna anayemngoja mwenzake, mpaka mkamaliza pamoja. Nilirekodi kwa simu. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile katika studio yoyote.

Miezi michache baadaye Mama mdogo alifariki. Ulifika Bisibo ukakuta tayari wamemfukia. Nakumbuka ulivyokaa kwenye mkeka ukisema, "Verediana kaondoka bila kuniaga. Nimemkosea nini mdogo wangu?" Ulilirudia hilo mpaka shangazi akakuomba upumzike. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, simu yenye sauti yake mfukoni, na sikukumbuka hata kuisikiliza.

Basi filamu ikahitaji wimbo. Mwanamuziki tuliyempa kazi aliisikia rekodi yangu akaruka kwa furaha, ila akasema sauti mbili zinauvuruga mdundo, moja itoke. Siku hizi kuna programu ya kompyuta inayotenganisha sauti kama unavyopepeta mchele. Nilipepeta mwenyewe, Mama, kwa mkono huu ninaoandikia. Wewe nikakubakiza, Mama mdogo nikamzima. Kisha pale unapomwita jina lake tukapafanya pajirudie, tena na tena, ngoma za kompyuta chini, na kimya mahali alipokuwa akiitikia. Kasimu alifumba macho akasema, "Mtu anaita, hajibiwi. Hiyo ndiyo dunia yetu ya leo." Nami, binti wa Kihangaza niliyebebwa mgongoni huku ukiimba salamu hizo hizo, nikakubali kwa kichwa. Nilijiona mjuzi kwelikweli.

Wimbo ukatangulia filamu. Watu wakaupenda, ukasafiri hadi sokoni Rulenge. Filbert amenisimulia yote. Ulikuwa umesimama kwa muuza dagaa, spika ya duka la simu ikaanza, na jirani yetu Mama Leo akakushika bega: "We Mama Konso, si sauti yako hiyo? Umekuwa msanii sasa, hata hutusarimii!" Wanawake wakacheka, nawe ukaanza kucheka nao. Halafu ukajisikia unamwita Verediana, na Verediana haitiki. Ukamwita tena, kimya. Uliacha dagaa pale pale, ukaenda nyumbani bila kuaga mtu. Jioni ukamwambia Filbert, "Dada yako ameniweka sokoni namwita marehemu, na watu wanacheza." Tangu siku hiyo, anasema, wageni wakija unawapa mkono tu. Hata wenzako wa jumuiya walipokuja na kuanza salamu, uliwaangalia ukaingia ndani.

Niliposikia hilo roho iliniuma mpaka nikashindwa kula. Naujua moyo wako. Mama asiyesalimia si mama yangu, na ni mimi niliyekufunga mdomo.

Nisamehe. Sitaki kumsingizia Kasimu wala neno lake la chuo kikuu. Vipande vinapendeza sana kwa mtu ambaye hakukijua kitu kilipokuwa kizima, lakini mimi nilikijua. Na sikukuuliza. Ningekuuliza ungenikatalia, na nadhani ndiyo sababu sikukuuliza.

Asubuhi baada ya simu ya Filbert nilikwenda kazini nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimweleza Kasimu kila kitu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kuwa Verediana ni mtu. Alidhani ni neno la wimbo. Mama, hata mimi nilishtuka, maana miezi yote ile sikuwahi kumwambia. Wimbo ulioko kwenye simu za watu hatuwezi kuufuata mmoja mmoja, ila mwanamuziki amekubali kuuondoa kule alikouweka, na hatuutangazi tena. Kuhusu filamu, Kasimu amesema niamue mimi. Nimemjibu kwamba si yangu kuamua, ni yako. Ukitaka salamu iwemo, itakuwemo nzima, sauti zote mbili, bila ngoma wala mkato. Ukisema hapana, basi, wala sitakuuliza mara ya pili.

Ili niiunge upya ilibidi nifungue sauti ya Mama mdogo peke yake. Nilipokuwa napepeta niliichukulia kama kelele ya kuondoa, sikuisikiliza hata mara moja. Safari hii nilivaa spika za masikioni nikasikiliza. Kihangaza changu kimeota kutu, kwa hiyo nilirudia toka asubuhi hadi saa ya chakula cha mchana, neno kwa neno, nikiandika kwenye karatasi. Wenzangu waliniona nalia wakaniletea chai.

Nitakuandikia alichokisema. Lakini acha kwanza nimalize salamu za watu, kwa sababu nikishaandika hilo sitaweza kuendelea. Msalimie Filbert na mke wake, na huyo mjukuu wako asiyejua kudanganya. Shangazi mwambie nimepata kitenge alichoagiza, rangi ndiyo hiyo hiyo. Mama Leo mwambie sina kinyongo naye, angejuaje? Baba mdogo wa Bisibo nimemwandikia barua yake mwenyewe, maana ile ni sauti ya mkewe na yeye pia sikumwuliza. Kadi ndogo niliyoifunga kwenye karatasi ya majani ya chai mpe Filbert, aiweke kwenye redio yake. Humo utamsikia Mama mdogo peke yake, kwa lugha ya nyumbani. Keti kwanza ndipo aiwashe.

Mwanzoni anakujibu kama kawaida: watoto wazima, ng'ombe mwekundu amezaa, mume kikohozi kimepungua. Halafu wewe ukapandisha sauti kumsifu mtoto anayebatizwa, ukawa unaimba kwa nguvu zako zote, na yeye, huku bado amekushika viwiko, akaimba chini yako hivi:

"Dada, hospitali wameshaniambia. Nimekuja kukuaga. Nikikuambia uso kwa uso utalia, na leo ni siku ya mtoto. Hujanikosea kitu, dada yangu. Usinyamaze. Imba, nakusikia."

Alikuaga, Mama. Ulikuwa unaimba.

Ni mimi mwanao,
Konsolata