Alama Nyekundu kwa Theresia

Iguguno

Mwanangu Jenifa,

Shikamoo yako Stanley ameifikisha, marahaba. Alizeti tumeshavuna, na dumu lako la mafuta ameondoka nalo. Ningekupigia simu, lakini haya sitaki mtu ayasikie.

Juzi walikuja watafiti wawili, wapole mno. Wanasema saratani ya matiti wakati mwingine hutokana na kasoro ndogo kwenye vinasaba, ambayo mama anaweza kumrithisha mtoto wake. Wanataka damu zetu. Nikawauliza, ya kwetu mmeyajuaje? Wakakunjua karatasi iliyochorwa ukoo mzima, na waliougua wamewekewa alama nyekundu.

Mama yako mdogo Theresia ana alama. Jenifa, watu wote tuliwaambia Theresia alikufa kwa malaria. Ukweli nilikuambia wewe tu, siku ya matanga ya mama yako, tukichambua mlenda. Nilidhani unaniuliza kwa uchungu wa msiba. Kumbe ulikuwa unaipelekea habari maabara unayofanyia kazi? Mbona hukuniomba ruhusa? Ningekupa.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Kwenye orodha ya wanaotakiwa kutoa damu wamo mabinti wote wa ukoo, isipokuwa wewe. Nilipouliza, yule dada mtafiti akainama, akasema, "Huyo alishapimwa."

Fomu yao iko hapa mezani. Sijaweka sahihi, wala siweki mpaka uje mwenyewe, ukae mbele yangu, uniambie walikuta nini.

Mama yako mkubwa,
Winfrida