Golikipa Bila Viza

Jumatatu, 18 Mei 2009

Leo nimeitwa timu ya taifa. Miaka arobaini na moja, kilo mia na nne, goti la kushoto linalia kama mlango wa stoo. Tanzania imekwisha!

Nilikuwa nakula wali mgahawani, barabara ya Huanshi Zhonglu hapa China, mgongo nimeupa mlango maana askari wanazunguka wakikagua pasipoti. Akaingia Sia, binti wa Moshi anayesomea michezo hapa kwa skolashipu. Shikamoo, kaka Gaudence. Marahaba. Chuo chao kina mashindano ya lakrosi ya ukumbini, timu sita za mataifa, wanafunzi na wageni waishio Guangzhou. Anakosa golikipa.

Lakrosi ndiyo nini? Fimbo yenye wavu mwishoni, mpira wa raba mgumu kama jiwe, watu sita kila upande. Na goli ni dogo.

"Kaka, wewe ukisimama tu, nusu ya goli imezibika."

Mhaya akisifiwa hachunguzi. Nikakubali.

Haya, niseme ukweli, hapa hasomi mtu. Viza yangu ilikwisha siku tisa zilizopita. Jinzi zangu za biashara bado zinashonwa kiwandani Xintang, na kila nikimpigia laoban, bosi wa kiwanda, ananijibu "mingtian". Kesho. Kesho yake haifiki. Siwezi kurudi Bukoba mikono mitupu. Na ukumbini hakuna askari.

Sia sikumwambia.

Jumatano, 20 Mei

Mazoezi. Nimevishwa kofia ya chuma, ngao ya kifua, magodoro ya miguu. Nikajiona kwenye kioo – friji inayotembea.

Othman, mwanafunzi kutoka Unguja, mpole, mswalihina, alinipiga mpira wa kwanza begani. Akaniomba radhi. Wa pili, tumboni. Akaniomba radhi tena. Kufika wa kumi radhi zilikuwa zimemwishia.

Nimempigia mke wangu Odilia kujisifu. Kacheka mpaka simu ikakatika. Golikipa? Mimi ambaye nyumbani nikirushiwa funguo naokota chini?

Alhamisi, 21 Mei

Sia kaomba kopi za pasipoti. Nikampa ukurasa wa picha. Huo tu. Ule wa viza nikasema mashine imeishiwa wino. Uongo wa mtoto wa darasa la pili, naye kaamini!

Halafu akasaini fomu mbele yangu: yeye ndiye mdhamini, wachezaji wake wote wana vibali halali. Kwa mwandiko mzuri, taratibu. Nikatazama dari.

Jumamosi, 23 Mei

Asubuhi: Kanada 17, Tanzania 1. Walipofika kumi niliacha kuhesabu, ila ubao haukuacha.

Mchana: Tanzania 8, Korea 7!! Sekunde za mwisho jamaa alibaki peke yake na mimi. Nilifumba macho. Naapa nilifumba. Mpira ukanigonga kwenye kofia, ukaruka nje. Ukumbi mzima ukasimama. Wenzangu wakajaribu kunibeba juu, wakaghairi.

Sia alilia. Kasema hakuna aliyewahi kuamini timu yake. Chuoni walimwambia Watanzania watakuja kuomba jezi tu. "Kaka, umenitoa aibu."

Nimeshindwa kula.

Jumapili, 24 Mei

Nusu fainali, na Wajerumani. Mapumziko. Tunaongoza 5–4. Nani huandika shajara wakati kama huu? Mimi, chumba cha kubadilishia nguo, kalamu inateleza kwa jasho.

Askari wameingia. Wawili, wamekaa kwenye meza ya waandaaji. Lucas, beki wetu, kaja mbio: wanataka pasipoti halisi za wachezaji wote wa kigeni. Wameshaanza na Wakorea. Lucas anajua siri yangu, tunakaa naye chumba kimoja. Kasema mlango wa nyuma wa jikoni uko wazi, teksi ziko hapo hapo, nitoke hivi hivi na magodoro yangu.

Nikafika hadi jikoni. Kweli uko wazi. Mpishi hata hakunitazama.

Kupitia dirisha la kupitishia vyakula nikamwona Sia. Kasimama mbele ya meza, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Askari mmoja ameshika ile fomu, kidole kwenye saini yake, anamwuliza jambo. Sia anatikisa kichwa. Anageuka, anatafuta mtu uwanjani. Ananitafuta mimi.

Akirudishwa nyumbani huyu, naye yuko mwaka wa tatu wa chuo, ni kwa sababu ya suruali zangu.

Nimerudi chumbani. Lucas anasema kaka, umerukwa na akili. Huenda. Pasipoti ninayo, ilikuwa ndani ya soksi. Nimevua kofia, wanione sura. Magodoro hayavuliki haraka, nitakwenda nayo. Nimfikie kabla hajaulizwa mara ya pili, niseme alidanganywa, niseme kwa Kichina – neno la kudanganya ni lipi? Miaka minne sokoni na ninajua bei tu! Lucas, neno la kudanganya ni –