Aliyepika Asimame

Jumatatu, 3 Machi

Bado hakuna aliyenong'ona. Hakuna aliyecheka pembeni. Nimewachunguza wote wakati wa chai — macho yao, mikono yao — na sijaona kitu. Labda ni wa kweli. Mungu wangu, labda ni wa kweli!

Mpigo wangu. Nauita wangu, nani atanizuia humu? Mpigo mmoja wa redio, mfupi kuliko kupepesa jicho, umetoka mbali nje ya kundi letu lote la nyota, ukaja kuangukia dishi letu la kusikilizia anga siku ya zamu yangu. Mawimbi ya masafa ya juu yametangulia, ya chini yamefuata yakijikokota, kama inavyotakiwa kwa kitu kilichotoka mbali hivyo. Nimerudia hesabu mpaka macho yamevimba. Hauna kasoro.

Na hiyo ndiyo hofu yangu. Hapa kituoni tuna desturi yetu ya kishenzi. Kila mwaka Mkuu humteua mtu mmoja kwa siri, naye hupika mpigo wa uongo na kuupenyeza kwenye data siku anayotaka mwenyewe, hata zaidi ya mara moja, ili sisi watafutaji tusilale. Hata Mkuu hajui ni lini. Tunauchambua, tunaandika makala nzima, halafu siku ya mwisho Mkuu anakaa mbele na kusema: aliyepika asimame. Akisimama mtu, kazi yote inaenda kwenye pipa. Asiposimama mtu, tumegundua kitu.

Siku yenyewe ni Ijumaa. Na mwisho wa mwezi wanaamua nafasi ya kudumu anapewa nani. Nimekaa hapa kwa mikataba ya mwaka mwaka mpaka mvi zimeniota. Nikipata hii, hawataweza kuninyima.

Jumatano, 5 Machi

Mama! Nilimwambia jikoni, nikamsihi asimwambie mtu. Leo narudi kazini nakuta sebule imejaa. Majirani, mama mdogo, shemeji na mdomo wake. Mama amepika chakula cha "nyota ya mwanangu". Nikamweleza si nyota, ni mpigo. Akasema nyota ikipiga si nyota bado? Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo ili nisije nikabishiwa baadaye.

Mwenzangu wa meza naye alikuja. Tumekaa meza moja tangu tuajiriwe, ndiye rafiki pekee niliye naye pale. Alikula, akaongeza, na Mama akamfungia chakula kingine cha kubeba. Shemeji alipouliza kama hiyo nyota italeta mshahara, ni yeye aliyenitetea. Alisema kitu kama hiki mtafiti hukipata mara moja maishani. Alisema huku ananiangalia machoni.

Ijumaa, 7 Machi

Amesimama.

Jumamosi, 8 Machi

Jana sikuweza. Naandika leo.

Mkuu alitamka maneno yake. Nikaanza kuvuta pumzi — na nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu. Sikugeuka. Nakijua kile kiti, maana ukumbini kila mtu huja na kiti chake; kina mguu mmoja mfupi, nakisikia kila siku ya Mungu kikihangaika ng'ambo ya meza yangu.

Halafu watu wakapiga makofi! Ndiyo desturi pia: anapigiwa makofi aliyepika na anapigiwa aliyedanganywa. Mkuu akasema umakini wangu ni mfano kwa kituo kizima. Kilemba cha ukoka, tena mbele ya watu.

Mwenzangu wa meza akanifuata koridoni. Akasema aliapishwa, asingeweza kuniambia. Nikamwambia kiapo hakikumtuma aje kula kwa mama yangu. Kuanzia leo jina lake silitaji tena. Ni Mpishi, basi.

Mama nimemweleza asubuhi. Aliendelea kukunja nguo. Alipomaliza shuka zote ndipo akauliza, "Sasa watu niwaambie nini?"

Jumatano, 12 Machi

Shemeji kapiga simu kuuliza nyota sokoni inauzwa kwa kilo au kwa fungu. Nimekata. Mama mdogo amenipa pole kana kwamba nimefiwa. Kazini Mpishi ananisalimia, naitikia kwa kichwa. Nimechoka na kila mtu.

Jumanne, 18 Machi

Ha! Wamerudia!

Wananiona mjinga kiasi gani? Zamu yangu tena. Mpigo tena. Na safari hii wamenogesha — una nguvu kuliko ule wa kwanza, na nyuma una mkia mrefu unaofifia taratibu. Mzuri mno. Kitu cha kweli hakiji kimepambwa hivyo.

Aliye zamu akiona kitu anabonyeza "hifadhi". Asipobonyeza, baada ya wiki moja kompyuta inaandika data mpya juu ya ile ya zamani, maana nafasi hatuna. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikanyanyua macho. Mpishi anakunywa chai yake, macho chini. Macho chini! Nikaandika "kelele", yaani hakuna kitu, nikafunga.

Mbuzi kwenye gunia nimeshauziwa mara moja, yatosha. Ngoja sasa yeye asubiri. Ahesabu siku akijiuliza mbona sisemi kitu. Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 20 Machi

Mpishi ameniletea chai mezani, na sukari kama ninavyoipenda. Nimeiacha ikapoa mbele yake. Anajitahidi kutoonyesha wasiwasi, na kusema kweli anaweza. Mtu hasa wa kazi hiyo.

Mama kaniuliza kama kisirani changu nacho ni cha mkataba wa mwaka mmoja.

Jumatatu, 24 Machi

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Mkuu ametusomea ujumbe wakati wa chai. Kuna wenzetu wa ng'ambo, wana chombo angani kinachotazama eksirei. Jumanne iliyopita wameona mmuliko hafifu mahali fulani katika pande kubwa la anga, hata saa hawana uhakika nayo. Wenyewe wanautilia shaka. Wanaomba kujua kama kuna mwingine aliyeona kitu, kwa sababu bila shahidi wa pili wataufuta. Mkuu akauliza dishi letu lilielekea wapi Jumanne. Lilielekea huko huko. Akauliza zamu ilikuwa ya nani.

Nikasema ngoja niangalie. Nilikuwa na nini cha kuangalia?

Nikamvuta Mpishi mpaka nyuma ya jenereta. Nikamuuliza, Jumanne ulipika? Alishangaa kwanza kwamba naongea naye.

"Sijapika kitu tangu ule wako," akasema. "Sikuwa na moyo. Kwa nini?"

Yeye si mtoto. Niliona uso wake unabadilika.

Nikakimbilia kwa fundi wa kompyuta. Data bado ipo, kasema, lakini mashine itaifikia kesho jioni. Nikamwambia abonyeze "hifadhi". Haiwezekani! Mtu akishaandika "kelele" kitufe kinajifunga, na wa kukifungua ni Mkuu peke yake. Kwa hiyo lazima niende kwa Mkuu. Nimwambie niliona kitu cha maisha yangu nikakiandika kelele kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Kesho kwenye mkutano nitasema. Wiki hii ndiyo wanajadili nafasi. Ugali wa jioni nimeuacha sahanini, Mama kaufunika.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nikiwa chumba cha vifaa. Nimejifungia. Daftari nililibeba bila kujua kwa nini.

Nilijikaza nikasema. Jumanne niliona mpigo, nikauandika kelele. Mkuu akavua miwani. Akauliza sababu. Nikasema nilidhani umepikwa. Akasema hata ningedhani umeshuka na malaika, kazi yangu ilikuwa kuhifadhi, si kudhani. Ana haki. Hakupandisha hata sauti. Nilikiona kitumbua changu kikiingia mchanga, mbele ya watu wote, na wa kulaumu sina.

Kisha akawageukia. "Haya. Aliyepika asimame."

Hakuna atakayesoma hapa, kwa hiyo naandika ukweli. Niliomba asimame mtu. Nilijua hakuna. Nilijua ule mpigo ni wa kweli, umesafiri toka kabla hakujawa na mtu wa kuusikiliza, na bado niliomba mtu asimame. Yeyote!

Kiti kikakwaruza. Kile cha mguu mfupi.

Amesimama. Mwongo mkubwa amesimama, mikono mfukoni, akasema ni yeye, aliupika ili kunijaribu tena. Mkuu akashusha pumzi. Akacheka hata. Akasema basi hakuna kilichoharibika, kumbe pua yangu imekuwa kali, safari hii nimeunusa uongo siku ileile, na hilo litakumbukwa wiki hii. Wale wa ng'ambo atawajibu kwamba hatukuona kitu. Fundi aache mashine iendelee. Na Mpishi apeleke faili la mapishi yake, lenye mpigo aliopika, kabla ofisi hazijafungwa, kama ilivyo kawaida.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Mikono yangu hii.

Ila faili hana. Atalitoa wapi? Amenifuata mpaka hapa, anagonga kwa kidole kimoja ili koridoni wasisikie. Anataka namba. Nguvu ya mpigo, urefu wake, mkia unavyofifia, ili aketi sasa hivi apike unaofanana nao. Kwanza alinipikia wa uongo ufanane na wa kweli. Leo anataka wa kweli wangu aufanye wa uongo.

Nimemuuliza kupitia mlangoni, kwa nini unafanya hivi?

Ameacha kugonga. Halafu, "Nilikula kwenu, dada."

Ukutani nasikia mashine zinavuma. Fundi yuko chumba cha pili, mlango wake uko wazi, na Mkuu bado yuko ofisini kwake, nimesikia akikohoa. Hatua chache tu. Neno moja tu, na mpigo unahifadhiwa. Na nikilisema, tunamwaga unga wote wawili, yeye kwa kusema uongo na mimi kwa kununa. Shemeji atapiga simu. Mama atauliza watu awaambie nini.

Namba nazijua kwa kichwa. Nimeziandika kwenye kipande cha ukurasa huu, nikakisukuma chini ya mlango. Hakijapita chote. Nusu iko kwake, nusu iko kwangu, na nusu yangu nimeikanyaga kwa kiatu.

Anaivuta. Taratibu, asije akaichana. Ananiambia niinue mguu —