Goti Langu na Kamba ya Kitinda

Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Mgongo wako je, umeacha kukusumbua? Huku tunapumua tu. Mimi Treni, niliyekuwa nikipita watu wanabaki midomo wazi, siku hizi napitwa na bibi kizee mwenye mkongojo, tena ananipa pole.

Ni goti, Dada, lile la kulia. Kazini siwezi kupiga magoti, basi fundi mkuu kanitoa kwenye kutandika vigae kanitia kwenye kuchanganya saruji, kazi ya wanaoanza. Na mji mzima huu nani ananyoosha vigae kama mimi? Sakafu wanazoacha hao wengine, ukiweka gololi inajiendea yenyewe.

Daktari wa viungo, binti mdogo tu, aliliminya akasema, "Kaka, goti hili la mzee." Nikamwambia, "Basi mtafute huyo mzee anirudishie langu." Akacheka peke yake. Kanipa mazoezi: nilale chali, nifunge mfuko wa mchanga kifundoni, niinue mguu polepole. Mwanamume mzima nahangaika na mchanga kitandani.

Sasa habari za mdogo wetu. Unajua tangu Kitinda, na upofu wake ule, aanze mbio, macho yake ni mimi: kamba fupi, ncha moja mkononi mwake, nyingine mwangu. Siku moja mazoezini goti likafyatuka penye kona, nikamwangusha. Alichubuka viganja vyote viwili. Mwalimu wa mbio akanipokonya kamba, akampa muuza mikate, yule kijana mrefu anayezungusha mikate kwa miguu.

Siku ya mchujo nilikaa kwenye benchi naomba washindwe. Wakashinda. Zamani, nikiwa naye mimi, Kitinda alikuwa akimaliza mbio huku anapiga soga, nami natamba kwamba mdogo wangu ana mapafu ya farasi. Safari hii alimaliza akaanguka chini, anahema, anatapika, anacheka. Ndipo nikaelewa. Miaka yote hiyo alikuwa akinisubiri mimi.

Wamemchagua aende kambini kwa mashindano makubwa. Akakataa. "Bila kaka siendi. Goti litapona, nitangoja." Na kweli linapona, Dada. Daktari kasema nikivumilia nitakimbia tena, ila si kwa kasi ile.

Basi nikamwambia limekufa. Nikasema daktari kanyoosha mikono, mbio nizisahau. Akauliza, "Kweli, kaka?" Nikasema kweli. Nimetamba mengi duniani hakuna aliyeniamini. Hili moja kalimeza palepale. Keshokutwa anaondoka na muuza mikate.

Akikupigia simu, mwambie hivyohivyo, usije ukaniumbua. Mazoezi nafanya akiwa hayupo. Akiwepo nachechemea mpaka chooni, hata siku ambayo haliumi, maana masikio yake unayajua.

Nisalimie sana shemeji, wapwa zangu wote, na shangazi ukimwona. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akuzidishie pale palipopungua.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Treni