Bastola Mkononi mwa Fundi Viatu

Maktaba, chumba cha nyuma,
Jumatatu, tarehe 14 Oktoba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko, na goti lako linaendeleaje? Mkaza mjomba aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nilifurahi, ingawa najua wewe ukiumwa husemi. Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia, ulimi wake bado. Mimi nina afya ila nimejaa hasira, na wewe ni mmoja wa walionijaza, kwa hiyo kaa vizuri usome.

Umeniandikia nikurudishie diski ya filamu yako. Unasema ni nakala pekee iliyobaki, unasema haina mtazamaji, unataka kuitupa kwa mkono wako ili jambo liishe. Mjomba, sirudishi. Nimekuheshimu tangu utotoni na nitaendelea kukuheshimu, lakini hilo hapana. Nitakueleza yaliyotokea juzi Jumamosi, halafu uniambie kama bado unataka kutupa.

Kwa mwaka mzima sasa, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, alasiri, nimekuwa nikionyesha filamu katika ukumbi mdogo wa maktaba. Tuna projekta moja, ukuta mweupe, viti hamsini, na pazia lisilofika chini. Nachagua filamu ambamo hakuna jengo linalolipuka, filamu za watu. Kuna ile ya mwanamke anayepiga pasi hotelini, anayejua siri za wageni kwa makunyanzi ya mashuka yao. Kuna ile ya ndugu wawili walioachiwa kabati moja, kila mmoja na ufunguo wake, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulifungua. Ukitoka kuzitazama unawaona hata majirani zako kwa macho mengine. Sasa niulize walikuja watazamaji wangapi. Ya pasi, watu saba, wawili kati yao walikuwa wanakimbia mvua. Ya kabati, watano, na mmoja alikoroma tangu mwanzo.

Inaniudhi mno. Watu hawa hawa wanaweza kukaa saa nzima mlangoni wakijadili jinsi fulani alivyomtazama shemeji yake. Ukiwawekea jambo hilo hilo ukutani, limechezwa na mtu anayeijua kazi yake, wanakwambia filamu haina kitu. Wanataka magari yafukuzane, adui afe, wao wainuke wakajinyooshe.

Basi Mkuu wa maktaba akaniita. Akasema viti visipojaa Oktoba, ukumbi utageuzwa stoo ya madawati mabovu. Nilikuwa nimebakiwa na filamu moja tu, na ilikuwa yako, ile unayoigiza fundi viatu, niliyopewa na mjane wa mhariri wa filamu yenu bila wewe kujua wakati huo.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilimwendea mchoraji mabango wetu, tunamwita Rangi Mbili kwa sababu hajawahi kununua ya tatu. Nikamwomba anichoree fundi viatu mwenye nyundo mkononi. Alichora vizuri tu. Kisha akanitazama kwa huruma, akaniambia nyundo haijazi ukumbi. Nilibisha, Mjomba, lakini nakiri nilibisha kidogo sana. Alipomaliza, nyundo ilikuwa imekuwa bastola, nawe ulikuwa unavuja jasho na vifungo vya shati viko wazi mpaka kitovuni. Bango tukalitundika njia panda.

Viti hamsini vilijaa na wengine wakasimama. Mkuu alikuja kunipa mkono. Dakika ishirini za kwanza walikaa kimya wakimtazama fundi anapima ngozi, anakata, anajaza misumari mdomoni. Nadhani waliona anajiandaa kwa vita. Binti yake alipoingia kumwuliza jambo na yeye akashindwa kujibu kwa sababu ya misumari, mtu wa nyuma akauliza bastola iko wapi. Mwingine akasema labda imefichwa kwenye kiatu. Wakacheka. Baada ya kicheko viti vikaanza kukwaruza sakafu. Waliondoka makundi kwa makundi, wakipita mbele ya projekta bila hata kuinama, vivuli vya vichwa vyao usoni mwako.

Nilisimama mlangoni natamani kuwashika mashati. Nilitaka kuwaambia subirini kidogo, sasa hivi anaitoa misumari. Lakini nani angerudi kukaa kwa ajili ya misumari? Nilikuwa nimewadanganya, walikuwa na haki ya kukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sijakwambia ni nani aliyekuwa kiti cha mbele. Alikuwa Mama.

Jambo usilolijua ni kwamba miaka kumi na tisa amekataa kuitazama filamu hii. Alisikia tu kwamba umemwigiza Babu na ufundi wake wa viatu, basi akaamua kuwa umechukua kikohozi cha baba yake na ukimya wake ukaupeleka kwa watu wacheke. Tangu hapo salamu zake kwako zinapitia kwangu, na nyingi nazitunga mwenyewe, unisamehe. Jumamosi hakuja kutazama. Alikuwa amepita njia panda akaona bango, na kwake aliyeshika bastola hakuwa wewe, alikuwa baba yake. Alikuja kunizimia projekta. Akakuta ukumbi umejaa, akaona haya kugombana mbele za watu, akakaa na mkoba wake mapajani kungoja umati upungue.

Umati ulipungua, naye hakuinuka.

Walibaki watu sita. Mmoja wao, fundi seremala, akaanza kulalamika kwa sauti kwamba huyu mwigizaji hajui hata kushika nyundo, anagonga kama mtu aliyeazima mkono. Ukweli ni kwamba hata mimi, mara ya kwanza nilipoitazama, niliona hivyo hivyo, nikahesabu kuwa ndiyo kasoro yako pekee. Mama akageuka kwenye kiti.

"Baba yetu alikuwa anatumia kushoto," akamwambia. "Huyu kaka yangu ni wa kulia. Amejifunza."

Seremala akahamia kiti cha mbele. Ulijifunza kwa miezi mingapi, Mjomba? Kwa nini hukumwambia mtu yeyote? Mkono mzima umefundishwa kazi upya, kwa ajili ya filamu ambayo waliowahi kuimaliza wanaenea kwenye teksi moja. Nikifikiria hilo damu inanichemka. Kuna watu wanasifiwa kila kona kwa kukunja sura tu.

Kisha ikafika pale binti anapofunga mizigo na kuondoka. Fundi anaitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, yote mitano, anaipanga mezani. Sasa mdomo uko wazi na hana tena kisingizio, na bado neno halitoki. Anakwenda mlangoni, anachukua jozi ya viatu aliyoiacha binti, anaitia soli mpya, anairudisha pale pale ilipokuwa. Mama alikuwa anafungua mkoba na kuufunga, anaufungua na kuufunga. Siku zote ametuambia kwamba Babu hakumpenda, kwamba alipoacha shule hakumsemesha mwaka mzima.

Nilipowasha taa hakuwa analia, usidhani. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Viatu vyangu havikutoboka mwaka ule wote," alisema. "Nilidhani ni ngozi nzuri."

Kisha akaniamuru nirudishe mwanzoni, kwa sababu mwanzo hakuuona, alikuwa anakasirika. Nikarudisha. Seremala naye akabaki.

Usifikiri mambo yameisha vizuri. Ukumbi umekwenda. Waliodanganywa walimfuata Mkuu mpaka ofisini kwake, na madawati yanaingia wiki ijayo. Rangi Mbili nimemnunia. Yeye anashikilia kwamba bango halina kosa, filamu ndiyo ilitakiwa iendane nalo.

Na wewe pia nimekununia. Ulikuwa karakanani kwa Babu, ukayaona yale ya viatu kwa macho yako, na badala ya kumwambia dada yako ukaenda kuyasema kwenye filamu ambayo hakuitazama. Halafu ukakaa huko miaka kumi na tisa ukiamini aliitazama akaichukia. Yeye huku amekaa miaka hiyo hiyo akiichukia bila kuitazama. Wajuaji wawili, na mimi katikati natunga salamu.

Kwa hiyo diski inabaki hapa. Seremala ana ukuta mweupe katika karakana yake, na ameomba aionyeshe kwa mafundi wenzake mwezi ujao. Safari hii bango litakuwa na nyundo, na nitasimama nyuma ya Rangi Mbili mpaka rangi ikauke.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu yangu mkubwa, na mdogo wake Kifundo, mwambie bado ana kitabu changu. Mungu awape afya na amani nyumbani, na hilo goti alitie nguvu ya safari. Hapo chini nimemwachia Mama nafasi. Alisema hana la kuandika, kisha akaninyang'anya kalamu.

Mpwa wako akupendaye hata akiwa amenuna,
Mkutubi.

Kaka,
Viatu vyangu vya kahawia vimetoboka. Njoo uvitie soli. Tumia mkono wa kushoto.