Kitenge cha Tausi Ndani ya Kizimba cha Bosi

Newala, Jumapili baada ya ibada

Mume wangu Festo,

Kamwene. Huko Yakobi najua ukungu bado haujaondoka, na wewe umekaa jikoni na lile koti lako zito, unasoma huku chai inapoa. Mimi ni mzima. Joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa, maji tunanunua kwa ndoo, na watoto wa darasa la tatu wamenizoea mpaka wananiigiza ninavyosalimia "kamwene". Habari ya uhamisho sijajibiwa. Mama yako anaendeleaje na miguu? Viazi vimeshatoka shambani?

Sasa tuongee. Kwenye simu ukiona nimeanza kukasirika unasema mtandao unasumbua, kwa hiyo leo nimeandika.

Uliniambia mbwa wetu Bosi amekuwa mtundu kupita kiasi. Ukienda Makambako kuuza mbao na mama akiwa shambani, anabaki peke yake ndani, na jioni unakuta ametafuna vitu. Ukasema nichague: tumfungie kwenye kizimba mchana, au tumpe Sesilia, yule jirani yetu fundi cherehani, maana yeye anashinda nyumbani na Bosi "ameshamzoea sana". Maneno hayo uliyatamka kwa sauti laini, Festo. Nikasema nitafikiri. Kabla sijamaliza kufikiri ukanitumia picha: kizimba kimeshagongwa kwa mabanzi ya mbao, Bosi amelala ndani, ametulia kama mtoto aliyeshiba, na chini yake kuna kitenge.

Kitenge chenye tausi. Niliikuza ile picha mpaka simu ikapata moto. Sisi hatuna kitenge cha tausi. Sesilia anacho, alikivaa siku kwaya yetu ilipoimba Makambako, akakaa benchi la mbele kabisa. Nilipokuuliza ukasema ni mabaki ya vitambaa vyake vya kushonea. Mabaki gani yana pindo pande zote mbili? Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini pindo nalijua.

Naona wivu. Naandika wazi ili usiniulize tena "kwani una nini". Namwonea wivu Sesilia kwa sababu akifungua dirisha asubuhi anamsikia Bosi akibweka, na anakuona wewe ukitoka. Nakuonea wivu hata wewe, unayejifunika blanketi mbili kwenye baridi yetu. Na huyo mbwa nilimbeba mimi kutoka Tandala kwa wifi, akiwa mdogo, ndani ya sweta langu, akanikojolea njia nzima. Leo nasikia ana mtu mwingine aliyemzoea.

Nikaenda kwa bwana mifugo wa huku. Nilitaka aniambie kizimba ni ukatili, nipate la kukugombeza. Hakuniambia hivyo.

"Kizimba si kibaya, mwalimu," alisema. "Kibaya ni kumfungia kutwa nzima, au kumfungia kama adhabu. Mbwa kijana ana nguvu nyingi, mkimbizeni kwanza achoke. Siku za mwanzo mlango uwe wazi, na chakula ale humo humo, aone ni kwake. Mpeni na kitu chake cha kutafuna. Halafu ndani tandikeni nguo ya mtu wake, akisikia harufu anatulia. Kwani anatafuna nini hasa?"

Nikamtajia ulivyonitajia wewe: ndala zangu, kilemba changu, mkono wa sweta langu, jalada la Biblia yangu.

"Na vya mumeo?"

Nikatafuta kichwani, sikupata hata kimoja. Buti zako ziko pale mlangoni siku zote na hujawahi kuniambia amezigusa.

"Basi anakutafuta wewe," akasema, akaendelea kuchanganya dawa ya kuku.

Nililia njiani, sikufichi. Bosi amenitafuta nyumba nzima kwa meno, nanyi wawili mkaona ni utundu tu. Sesilia labda alileta kitenge chake kwa wema, sijui, Mungu ndiye anajua. Lakini wewe ndiye uliyekipokea ukakitandika, sasa mbwa wangu analala kwa harufu ya mtu mwingine. Yeye ametafuna ndala kwa kunikosa. Wewe umetafuna nini?

Uamuzi wangu ni huu. Bosi hapewi mtu. Kizimba kibaki, lakini asubuhi kabla ya kwenda Makambako mkimbize mpaka kule bondeni na kurudi, uache kisingizio cha kuchelewa gari. Mama akirudi shamba mchana amfungulie. Kile kitenge kifuliwe, kikunjwe vizuri, na mama ndiye akirudishe, si wewe. Amwambie Sesilia nimeshukuru. Nusu ya shukrani hiyo ni ya kweli.

Kwenye kifurushi kilichokuja na barua hii nimeweka dera langu. Nimelivaa wiki nzima kwenye joto hili na sijalifua. Usilifue. Litandike ndani ya kizimba kama lilivyo.

Nisalimie sana mama yako, mwambie dawa ya kuchua miguu nitamletea likizo. Msalimie wifi, muuguzi wetu wa Tandala. Msalimie mzee wa kanisa anayetuombea safari. Na mwalimu wa kwaya mwambie nafasi yangu ya sauti ya pili asimpe mtu, hasa mtu mwenye kitenge cha tausi.

Mimi mkeo, ambaye bado ana hasira kidogo,
Ezelina

N.B. Madera kwenye kifurushi ni mawili. La mbwa ni moja.